Karatasi ya Kaki na Karatasi Iliyorejelezwa: Namna ya Kununua bila Kudanganyika

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo karatasi imekuwa sehemu ya gharama za kila siku za mfanyabiashara mdogo. Muuza unga wa Mwanjelwa jijini Mbeya anahitaji mifuko ya kaki. Mwenye duka la dawa wa Miyomboni mjini Iringa anahitaji bahasha. Mwenye mashine ya fotokopi jirani na chuo anahitaji rimu baada ya rimu. Pamoja na mahitaji hayo yamekuja maneno mapya kwenye vifungashio na midomoni mwa wauzaji: "rafiki wa mazingira", "ya asili", "imerejelezwa". Maneno hayo mara nyingi huandamana na bei iliyopanda kidogo.

Mnunuzi anayelipa nyongeza hiyo ana haki ya kupata anacholipia. Makala haya yanaeleza ni yapi kati ya maneno hayo yana maana, yapi hayana, na mnunuzi wa Mbeya au Iringa anaweza kuyapima vipi kwa macho, kwa mzani wa dukani na kwa maswali machache. Yanaeleza pia jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji, kwamba ziko kazi ambazo karatasi iliyorejelezwa haifai kabisa, hata ikiwa ya kweli.

Rangi haithibitishi chochote

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuamini kwamba karatasi ya kahawia ni karatasi iliyorejelezwa. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kununua madaftari ya jalada la kaki kwa bei ya juu, akiamini kwamba ameokoa miti kadhaa. Ndani ya jalada hilo kulikuwa na karatasi mpya, na jalada lenyewe lilikuwa jipya pia.

Ukweli ni kwamba kahawia ndiyo rangi ambayo rojo la mti huwa nayo baada ya kupikwa, kabla ya kupaushwa. Mfano wake uko karibu nasi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kilijengwa ili kitumie miti ya misindano kutoka Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa yanayomilikiwa na Serikali. Kiwanda kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980 kikiwa mali ya umma, baadaye kikasimama kwa miaka kadhaa, kisha kikabinafsishwa. Leo kinajulikana kwa jina la Mufindi Paper Mills, na sehemu ya karatasi nzito ya kahawia itumikayo nchini hutoka huko. Msindano una nyuzi ndefu, na nyuzi ndefu ndizo zinazoufanya mfuko ubebe kilo kadhaa za mchele bila kupasuka. Karatasi ya namna hiyo ni ya kahawia kwa sababu haikupaushwa. Rangi yake haimwambii mnunuzi kama imewahi kutumika.

Kinyume chake pia ni kweli. Karatasi iliyorejelezwa inaweza kuwa nyeupe kabisa, kwa kuwa viwanda vingi huondoa wino wa zamani na kupausha upya.

Je, hilo lina maana kwamba karatasi mpya ya kahawia ni adui wa mazingira? Hapana. Miti ya Sao Hill ni zao la kupandwa, na karatasi isiyopaushwa hutumia kemikali pungufu kuliko nyeupe. Swali la kumuuliza muuzaji wa karatasi mpya ni kama miti yake ilipandwa na kama hupandwa tena baada ya kuvunwa. Karatasi inayojibu swali hilo vizuri inaweza kuwa chaguo jema kuliko "iliyorejelezwa" isiyo na ushahidi wowote. Kosa ni kuuziwa moja kwa jina la nyingine.

Karatasi iliyorejelezwa ni ipi hasa

Karatasi chakavu huloweshwa na kusukwasukwa majini hadi irudi kuwa rojo. Pini, gundi na plastiki huchujwa, na wino huondolewa pale inapohitajika, kisha rojo hutandazwa na kukaushwa kuwa karatasi tena. Kila mzunguko hukata nyuzi na kuzifupisha. Kwa makadirio yanayokubalika kwa jumla, uzi mmoja wa karatasi hustahimili mizunguko takriban mitano hadi saba kabla haujawa mfupi mno kushikamana. Ndiyo maana nyuzi mpya zitaendelea kuhitajika daima, na ndiyo maana mifuko ya kubebea mizigo mizito kwa kawaida huchanganywa na nyuzi mpya.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji wachache huitaja. Malighafi chakavu ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni mabaki ya viwandani, yaani vipande vilivyokatwa pembeni mwa vitabu au mabobini ambayo hayakuwahi kumfikia mtumiaji. Aina ya pili ni karatasi iliyotumika kweli na kukusanywa kutoka ofisini, shuleni na sokoni. Zote mbili huitwa "zilizorejelezwa", lakini ni ya pili ndiyo inayopunguza taka zinazochomwa kandokando ya barabara zetu. Muuzaji anayesema bidhaa yake imerejelezwa anaweza kuulizwa: imetokana na ipi, na kwa asilimia ngapi?

Mfanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini tayari anatumia bidhaa nyingi zilizorejelezwa bila kuambiwa na mtu. Trei ya mayai ya karatasi ni mfano ulio wazi. Ukiitazama juani utaona vijipande vya magazeti na herufi zilizobaki. Tabaka la mawimbi katikati ya boksi mara nyingi hutokana na maboksi ya zamani, na karatasi nyingi za chooni ni hivyo hivyo. Bidhaa hizi huuzwa bila majigambo yoyote, kwa bei ya kawaida. Mwenye nia ya kununua vilivyorejelezwa anaweza kuanzia hapo bila kuongeza hata shilingi.

Chakula kina masharti yake

Hapa tunamwomba msomaji asome taratibu, kwa kuwa jambo hili linagusa afya ya wateja.

Ni desturi ya siku nyingi kufungia maandazi, vitumbua, karanga na chipsi katika gazeti, katika karatasi za mitihani zilizokwishaandikwa au katika nyaraka za ofisi. Wauzaji wengine sasa huitetea desturi hiyo kwa lugha ya mazingira, wakisema kwamba karatasi imetumika mara ya pili badala ya kutupwa. Lakini wino wa magazeti huwa na mafuta ya madini, na mafuta ya kukaangia huyayeyusha na kuyapitisha kwenye chakula, hasa kikiwa cha moto. Si gazeti peke yake. Karibu mwaka 2010, watafiti wa maabara ya chakula ya jimbo la Zürich, nchini Uswisi, walionyesha kwamba mafuta ya aina hiyo yanaweza kuhama kutoka kwenye maboksi yaliyotengenezwa kwa karatasi chakavu hadi kwenye vyakula vikavu vilivyomo ndani, kwa sababu mabaki ya wino hayaishi yote wakati wa kurejeleza. Matokeo hayo yaliwafanya watengenezaji wengi wa vyakula barani Ulaya wabadilishe vifungashio vyao au waweke kizuizi kati ya boksi na chakula.

Ushauri wetu ni huu: kwa chochote kinachogusana moja kwa moja na chakula, hasa chenye mafuta au cha moto, tumia karatasi mpya isiyochapwa upande wa ndani, na mwombe msambazaji athibitishe kwamba imetengenezwa kwa matumizi ya chakula. Karatasi iliyorejelezwa ibaki nje: boksi la kupangia pakiti zilizokwishafungwa, trei ya mayai ambayo yana ganda, au mfuko wa kubebea bidhaa zilizo na vifungashio vyake. Mwenye mgahawa anayetaka kuyatunza mazingira hatapata njia salama ya kufanya hivyo kwa kufungia sambusa katika gazeti.

Tahadhari hiyo inahusu pia karatasi za risiti za mashine za EFD. Karatasi hizo haziandikwi kwa wino. Zimepakwa kemikali inayogeuka rangi inapopata joto. Zisitumike kufungia chakula, na zisichanganywe na karatasi chakavu za kuuza, maana huharibu rojo lote.

Vikombe na vifungashio vya karatasi vinavyong'aa kwa ndani vina kasoro nyingine. Chana kipande polepole: ukiona utando mwembamba unaonyumbuka ukibaki baada ya karatasi kukatika, huo ni plastiki. Bidhaa hiyo inaweza kufaa kwa chai, lakini ni vigumu kuirejeleza, na muuzaji anayeisifu kuwa "karatasi tupu" hasemi kweli.

Alama za kutafuta kwenye rimu

Karatasi nyeupe ya A4 inayouzwa Mbeya na Iringa kwa sehemu kubwa hutoka nje ya nchi, ikiingia kwa bandari ya Dar es Salaam au kwa barabara kupitia Tunduma. Wako wanaosema kwamba karatasi iliyorejelezwa ikisafirishwa kutoka mbali hupoteza faida yake yote. Hoja hiyo haina uzito sana hapa kwetu. Rimu ya karatasi mpya iliyo kwenye rafu jirani nayo imesafiri vilevile, na kilomita zipatazo 830 za lori kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zilezile kwa zote mbili.

Alama inayoonekana mara nyingi ni mishale mitatu inayofukuzana. Ilibuniwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa Kimarekani, Gary Anderson, kwa ajili ya shindano, na haihitaji kibali cha mtu yeyote ili kuchapwa. Ikiwa peke yake, maana yake ya kawaida ni kwamba bidhaa inaweza kurejelezwa, sifa ambayo karibu kila karatasi inayo. Ikiwa na asilimia ndani au kando yake, kwa mfano 70%, hapo ndipo mtengenezaji anapodai kwamba kiasi hicho cha nyuzi kimetokana na karatasi chakavu. Tofauti ya alama hizi mbili ndiyo tofauti kati ya kulipia kitu na kulipia picha.

Alama ya FSC, yenye mti uliounganishwa na alama ya tiki, ni ya Baraza la Usimamizi wa Misitu, lililoanzishwa mwaka 1993. Ina namna tatu. Ile yenye neno "Recycled" humaanisha kwamba nyuzi zote zimerejelezwa. Yenye "100%" humaanisha kinyume cha wengi wanavyofikiri: nyuzi zote ni mpya, kutoka katika misitu iliyothibitishwa. Yenye "Mix" ni mchanganyiko. Chini ya kila alama halali huwa na namba inayoanza na FSC-C ikifuatwa na tarakimu sita, na namba hiyo inaweza kutafutwa kwa simu katika tovuti ya baraza hilo ili kuona ni ya kampuni gani. Ikiwa namba haipo, au inamhusu mtengenezaji wa samani wa nchi nyingine, mnunuzi amekwisha kupata jibu lake.

Maneno "eco", "green" na picha za majani mabichi hayana maana yoyote inayoweza kupimwa.

Pima rimu kwa mzani

Kipimo kimoja hakihitaji mtaalamu. Uzito wa karatasi huandikwa kwenye rimu kwa gramu kwa mita ya mraba, kwa ufupisho wa gsm au g/m². Karatasi 16 za A4 hutimiza takriban mita moja ya mraba. Kwa hiyo karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa takriban gramu 5, na rimu kamili ya karatasi 500 ina takriban kilo 2.5, bila kuhesabu ganda lake. Rimu ya gramu 75 hukaribia kilo 2.34, na ya gramu 70 kilo 2.18.

Rimu iliyoandikwa gramu 80 ikisoma kilo 2.2 kwenye mzani mzuri, basi ama karatasi ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa au idadi imepungua. Tofauti ya gramu chache isikusumbue, kwani karatasi hunyonya unyevu wa hewa na uzito wake hubadilika kidogo. Tofauti ya gramu 300 ni jambo jingine. Kwa mwenye fotokopi anayenunua rimu 10 kwa mwezi, upungufu wa namna hiyo ni zaidi ya rimu moja anayoilipia kila mwezi bila kuipata.

Unyevu una madhara mengine pia. Mbeya ina baridi na mvua za miezi mingi, na karatasi, hasa yenye nyuzi fupi, hujikunja na kukwama kwenye mashine ikipata unyevu. Malalamiko mengi kwamba karatasi iliyorejelezwa "inaharibu mashine" yana mzizi katika utunzaji. Rimu iwekwe juu ya ubao, mbali na sakafu ya saruji na ukuta wa nje, na ifunguliwe siku ya kutumika. Kabla ya kuagiza katoni nzima, nunua rimu moja ujaribu kutoa nakala za pande zote mbili katika mashine yako mwenyewe. Pande zote mbili, tunasema, kwa sababu hapo ndipo ulipo uokoaji mkubwa kuliko wote: ofisi inayotumia rimu 10 ikichapa upande mmoja inaweza kukaribia nusu ya kiasi hicho kwa kuchapa pande mbili. Hakuna alama ya mazingira inayoshinda hesabu hiyo.

Karatasi ya mkono mjini Iringa

Kwa kadi za mialiko, vifungashio vya zawadi na majalada, Iringa ina chanzo chake. Karakana ya Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ili kuwapatia ajira watu wenye ulemavu. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, na miongoni mwa malighafi zake zilizoipatia jina ni kinyesi cha tembo. Msomaji asishtuke. Tembo hameng'enyi vizuri sehemu kubwa ya anachokula, hivyo nyuzi za mimea hutoka karibu nzima. Huoshwa, huchemshwa, kisha hugeuzwa rojo kama nyuzi nyingine yoyote. Karatasi ya namna hii ni nene, haifai kwa mashine ya fotokopi na haiwezi kushindana kwa bei na ya kiwandani. Faida yake ni kwamba mnunuzi anaweza kuuliza imetengenezwaje na akajibiwa na anayejua.

Mfuko unaofanana na kitambaa

Mifuko laini ya rangi inayofanana na kitambaa, ambayo ilienea baada ya marufuku ya mwaka 2019, haitokani na karatasi wala pamba. Ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja. Inaruhusiwa kwa masharti: iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, iweze kurejelezwa, ithibitishwe na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ionyeshe uwezo wake wa kubeba pamoja na anwani ya mtengenezaji. Myepesi kuliko hapo haukubaliki, hata kama umechapwa jani la kijani. Njia rahisi ni kupima mifuko kumi pamoja. Mfuko wa sentimita 30 kwa 40, wenye pande mbili tu, una mita za mraba 0.24, mifuko kumi ya kiwango hicho haipaswi kuwa chini ya gramu 168, kabla ya kuongeza mishikio.

Mfanyabiashara asidhani kwamba hatari iko kwa muuzaji wa jumla peke yake. Kanuni za mwaka 2019 zinamgusa hata anayekutwa na mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku au kuutumia: faini kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili.

Ukidanganywa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, muundo au asili ya bidhaa. Kuandika "imerejelezwa" juu ya karatasi mpya ni upotoshaji wa aina hiyo. Anza kwa muuzaji, tena kwa maandishi, ukitaja alichosema na ulichokikuta. Asiporekebisha, suala la maelezo ya uongo hupelekwa Tume ya Ushindani. La ubora usiofikia kiwango hupelekwa TBS. La rimu pungufu, Wakala wa Vipimo. Na la mifuko iliyopigwa marufuku, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Ofisi yoyote utakayoiendea itahitaji vitu vitatu: bidhaa yenyewe au sehemu yake, kifungashio chenye maneno unayolalamikia, na risiti. Kifungashio ndicho walaji wengi hukitupa kwanza, ilhali dai zima huwa limeandikwa juu yake. Kihifadhi hadi utakapokuwa umeridhika na bidhaa. Risiti ya EFD nayo hufifia, hasa ikiachwa juani au ndani ya pochi ya plastiki, na baada ya miezi michache yaweza kubaki karatasi tupu. Itolee nakala siku hiyohiyo ya kununua, uandike tarehe pembeni, na uiweke pamoja na kifungashio.